Falone na staji ya Komanda

Ku matanga ya huku kwetu Bunia, kuko mutu moja anasimamaka karibu na beseni ya feza, anaeleza marehemu alikuwa nani, na watu wanatoa muchango. Mu kartie, mutaa wetu, mutu huyo alikuwa Falone, mutoto wa dada yangu mukubwa, Adèle. Alianza na miaka kumi na sita. Hata wenye mukono mugumu, Falone akisema, walikuwa wanafungua kifundo cha kikwembe mwenye wanafichaka feza.

Alipomaliza masomo, akapata staji mbili za kujifunza kazi, achague moja. Moja ku nyumba ya kununua zahabu, hapa hapa mu muji, na chakula ya saa sita. Ingine ku shirika moja kidogo ya kusaidia wakimbizi, kule Komanda, miezi mitatu, bila hata feza ya sabuni.

Adèle akamuuliza: "Unaenda kusomea kuomba?"

"Mama, kuombea watu musaada ni kazi. Kuko watu wanaandikia wafadhili, na wanalipwa. Lakini kwanza nijue wale ninaombea."

Miye nikasema: "Aende. Ku zahabu atajifunza nini, kupima vumbi?" Mudomo wangu huu.

Kule Komanda alikuwa anaketi na wamama wenye walikimbia vita, anaandika habari zao ili wafadhili wasome. Mukubwa wake, Didier, alikuwa na sheria moja: hauandike mateso ya mutu kama mwenyewe hajakubali. Falone akanipigia simu akicheka. "Mama mudogo, jana mama moja mwenye alikimbia Aveba amenikatalia. Amesema njaa yake ni yake. Nikafunga daftari, tukachambua maharagi."

Mwezi wa pili wa staji, tumbo ya Adèle ikaanza kuvimba. Nikakamata simu, akanishika mukono. "Usimwambie. Ataacha staji, atestasyo, karatasi ya kumaliza, atakosa."

Kila siku ya posho, Jumamosi, Falone akipiga, Adèle alikuwa anavuta pumzi kwanza, anajibu: "Niko muzima, mutoto wangu." Na miye kando naitikia: "Iko muzima, hata jana amenitukana." Miye mwenye naumbuaka uongo ya wengine.

Adèle akafariki siku ya ine ya juma. Tukamuita Falone, lakini barabara ya Komanda ilifungwa siku mbili sababu ya masasi. Falone alifika tumekwisha kuzika.

Ku matanga beseni ikawekwa. Jirani yetu Arlette, mwenye sauti kama ngoma, akamwambia: "Binti, simama. Hakuna anayejua kusema kama weye. Eleza vile mama aliteseka, watu watatoa."

"Aliteseka namna gani?" Falone akauliza.

Wote wakaniangalia miye.

"Nilimuuliza mama kila posho, Ma Arlette. Hakutaka nijue. Wale wa Komanda waliniambia niseme. Huyu hakuniambia."

Akabaki ku mukeka. Nikasimama miye. Nikasema Adèle alikuwa anauza mihogo na hakupunja mutu, halafu nikaketi. Beseni haikufika nusu.

Falone alirudi kumaliza wiki tatu zilizobaki. Leo iko na kazi mu biro ya shirika moja, hapa Bunia. Anaandika barua, wafadhili wanajibu. Wakimuita ku matanga anakuja, anaketi na wamama wa kupika, anachambua maharagi. Hasimame tena.

Na akinipigia simu kuuliza hali yangu, nikijibu niko muzima, anauliza tena.