Mama Joel na Sehemu ya Tatu

Ukitaka kumuudhi Mama Joel, mwambie umeangalia filamu ya kwanza na ya pili, ukaridhika, ya tatu ukaiacha. Atakutazama kama mtu aliyepanda mahindi, akapalilia vizuri kabisa, kisha akahama kabla ya kuvuna.

"Ya kwanza watu wanajuana," huwa anasema. "Ya pili wanaumizana. Ya tatu ndipo kila mtu anakula alichopika. Sasa wewe umeondoka jikoni, halafu unasema umeshiba?"

Jina lake la ubatizo ni Kaanaeli, na siku zote utamkuta anauza vitunguu sokoni Maji ya Chai. Ila Jumapili mchana, watu wakishatoka ibadani na kula, anajifuta mikono, anaingia kwenye banda la video la Elinami, anakalia kreti la soda lililopinduliwa karibu na spika, kisha anashika maiki. Hapo Wachina, Wahindi na Wakorea wote wanaanza kuongea Kiswahili cha Meru.

Wengi hudhani alijifunzia mjini. Wapi! Alijifunzia kanisani. Akiwa msichana, huko juu kwenye migomba, alikuwa anasimama pembeni ya mchungaji mgeni na kuwatafsiria wazee mahubiri kwa Kimeru. Mchungaji akikimbia, naye anakimbia; mchungaji sauti ikimlegea, na yake inalegea. Wazee walikuwa wakisema mahubiri ya Kaanaeli ni matamu kuliko ya mchungaji mwenyewe, na walisema kwa Kimeru, kwa hiyo mchungaji hakuudhika.

Mashujaa wa filamu huwapa majina ya nyumbani, maana jina la mbali, anasema, halimlizi mtu. Majambazi hawapi jina la ukoo wowote, tangu siku ukoo mmoja ulipotuma wazee kuja kuuliza kwa nini muuaji anaitwa kama babu yao. Siku hizi majambazi wote ni Jenerali, hata wale wasio na jeshi.

Na hizo sehemu za tatu anazipenda mpaka zinamkaa mwilini. Kuna moja ambayo vita vimeisha tangu mwanzo, na filamu nzima ni askari mstaafu anamfundisha binti yake baiskeli. Vijana walilalamika: risasi ziko wapi? Mama Joel akawaambia, "Mlitaka apiganie nini miaka yote ile, kama siyo hii baiskeli?" Kuna nyingine ambayo mwizi anarudi usiku kwenye nyumba aliyoiibia sehemu ya kwanza, anapanda juu, anaziba paa linalovuja, anaondoka bila kuonekana. Hiyo akiisimulia huku anafunga vitunguu, mteja anasahau kudai nyongeza.

Sasa, filamu iliyomtia matatani ilikuwa ya Kichina, ya mjenzi wa madaraja. Mjenzi alimwita Godbless, mkewe akamwita Prisca. Mwishoni mwa sehemu ya pili, watu wa Jenerali wanamsukuma Prisca kutoka darajani. Prisca yuko hewani, kitambaa chake kinapepea, na umeme ukakatika! Banda zima giza, mchana kweupe, kwa vile Elinami ameziba kila tundu kwa maboksi.

Mtu mwingine angesema poleni, njooni wiki ijayo. Mama Joel hakuinuka. Bila maiki, bila picha, akaimalizia filamu kwa mdomo. Mto ukampokea Prisca. Wavuvi wakamtoa. Godbless akachimba kaburi kwa mikono yake, mtoto wao amesimama kando ameshika kiatu kimoja cha mama yake. Ndani ya giza lile wanawake walilia kwa sauti. Kesho yake Mama Meshack, muuza ndizi, mama mtu mzima wa kuamkiwa shikamoo na soko zima, alimletea mkungu. "Wa msiba," alisema, wala hakuwa anatania.

Basi flashi ya sehemu ya tatu ikafika kutoka mjini siku ya Jumamosi. Elinami na Mama Joel wakafunga mlango, wakaiangalia mwanzo tu, kupima sauti. Picha ya kwanza kabisa: mwanamke anaanika nguo. Akageuka. Prisca! Mzima, tena amenenepa kidogo.

"Mama Joel," Elinami akasema polepole, "umemzika mtu hai."

"Umeme ndio uliomzika, siyo mimi."

"Na safari hii chini ya picha hakuna maandishi ya Kiingereza ya kukuongoza, hata mstari. Utafanyaje?"

Elinami akavuta boksi kutoka chini ya benchi. Lilikuwa limejaa diski zilizotafsiriwa tayari na madijei wa Dar.

"Usinione mbaya, dada yangu. Banda ni mkate wangu. Kesho watu wakikucheka wakatoka, Jumapili ijayo naweka hizi. Hazikohoi, hazichelewi, hazimuui mtu ambaye hajafa." Kisha akamwonea huruma. "Sema ni pacha."

"Pacha!" Mama Joel akasonya. Lakini usiku ule hakupata dawa nyingine. Vitunguu vilimlisha, ni kweli, ila hakuna aliyewahi kukaa kimya amsikilize kwa sababu ya vitunguu. Maiki ikiondoka, angebaki na nini?

Jumapili banda lilifurika. Mama Meshack mbele, amejifunga kanga yake ya kanisani. Nyuma, karibu na mlango, Lesikar, kijana wa Oldonyo Sambu anayeleta mbuzi sokoni, ambaye hajawahi kuangalia filamu bila kuitania.

Nguo zikaanikwa. Mwanamke akageuka. Banda likavuta pumzi kwa pamoja.

"Msishtuke, jamani," Mama Joel akasema kwenye maiki, na sauti yake mwenyewe aliisikia nyembamba. "Huyu siyo Prisca. Ni Diana, pacha wa Prisca, aliyelelewa Nairobi."

"Mbona hukutuambia mapema?" Lesikar akapaza sauti.

"Familia ilificha."

Watu wakacheka, lakini wakakubali. Ikaenda. Diana akavuka milima, Diana akalala kwenye maghala, Diana akafika kijijini kwa Godbless, huku Mama Joel akimtafutia sababu kila hatua. Uwanjani palikuwa na watoto wanacheza. Mmoja akasimama. Akamtazama yule mwanamke. Akaacha kila kitu, akakimbia huku analia: "Mama! Mama!"

Neno hilo halikuhitaji mkalimani.

"Ehee!" Lesikar alikuwa ameshasimama. "Mama Joel! Mtoto wa Kichina naye anakupinga! Tangu lini mama mdogo wa Nairobi anakimbiliwa hivyo? Usituzingue, bwana!"

Kicheko kikapasuka. Wawili watatu wakainuka. Elinami, macho chini, mkono ukaanza kushuka kuelekea kwenye boksi. Mama Joel alikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni: Jenerali amemlisha mtoto dawa ya kusahau. Akainua maiki.

"Kaeni chini!" Alikuwa Mama Meshack, amegeuka kuwakabili wote, machozi yanamtiririka. "Mtu ametoka mtoni mzima, amemkuta mwanawe, nyie mnadai kitambulisho? Hamna mama nyie?" Akapiga kigelegele. Wanawake wa soko wakakipokea, kikawa kirefu, kikafunika sauti ya spika.

Mama Joel akatazama kioo. Mikono ya yule mwanamke ilikuwa inapapasa kichwa cha mtoto, sikio, shingo, kama mtu anayehakiki kuwa vyote vipo. Ule uongo wa dawa ukamfia ulimini.

"Ni Prisca," akasema. "Ni yeye mwenyewe."

Kigelegele kikaanza upya. Kisha Prisca akainama, akamnong'oneza mtoto kitu kirefu sikioni. Banda likatulia likisubiri.

"Anasema nini?" Lesikar akauliza, safari hii bila utani.

"Sijui."

Kwenye kreti lile neno hilo halijawahi kusemwa. Elinami aliinua kichwa.

"Hapa sijui, jamani, nisiwadanganye. Mama Meshack, ungekuwa wewe, ungemwambia nini?"

Mama Meshack akafuta pua kwa ncha ya kanga. "Ningemuuliza ni nani amemnyoa vibaya hivyo."

Watu walicheka huku wanalia. "Mimi ningeomba radhi kwa kuchelewa," Lesikar akasema. "Mtoto haombwi radhi, anapewa chakula!" mwingine akamrukia. Mama Joel akayachukua yote matatu, akamtilia Prisca mdomoni kwa sauti yake, nywele, radhi na chakula, na utafikiri yule Mchina alikuwa amekuja sokoni kuyaokota.

Toka hapo filamu ilitafsiriwa na banda zima. Alichokiona alikisema, alichokisia alisema anakisia, na asipojua aliuliza. Walibishana kuhusu Jenerali, kama anatubu au anaumwa meno. Mwisho kabisa Prisca na Godbless wakakutana katikati ya daraja jipya, wakaongea muda mrefu, maji yanapita chini. Mama Joel akageuka kuwauliza watu. Hakuna aliyejibu. Hata Lesikar. Basi akaiweka maiki mapajani, akawaacha mke na mume waongee.

Picha ilipokwisha, watu hawakutoka. Lesikar ndiye aliyelikanyaga lile boksi akitafuta pa kupita.

"Hizi za nini?"

"Za madijei wa Dar," Elinami akasema.

"Hao nikiwabishia, watanijibu?"

Elinami alilisukuma boksi kwa mguu mpaka ukutani, akaanza kukunja waya wa maiki taratibu, kama mtu anayemkunjia mwenyewe kitu chake. "Mama Joel," akasema bila kumtazama, "Jumapili uje mapema kidogo. Tupime sauti."

Jumatatu sokoni Mama Joel alikuwa akimfungia vitunguu Mama Meshack, ambaye alikuwa ameshika kiuno. "Pale darajani," Mama Meshack akaanza, "Prisca alimwambia mumewe hatarudi nyumbani mpaka aahidi kuacha kujenga. Niliona."

"Hapana, mama. Midomo yake ilitulia mno. Yule alikuwa anamsikiliza tu."

"Nakuambia niliona!"

Foleni nyuma yao ikaongezeka, na kila aliyefika alikuwa na lake la kusema.