Mpira wa Mwalimu Skola

Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Kasulu, na pua yangu inajulikana kwa kunusa pombe haramu ya gongo. Basi nilipomwona mpangaji wangu, Mwalimu Skola, akiingiza ndani beringi, bomba lililopinda na mpira wa maji, nikajua tu: huyu anafunga mtambo. Na salamu zake zilivyozidi upole! Jumamosi wanafunzi wakaja, akajifungia nao sebuleni. Watoto wa watu! Nikausukuma mlango.

Mtambo ulikuwa mezani, mpira ukining'inia.

"Mwalimu, leo nimekukamata!" Nikatia ncha ya mpira mdomoni nionje ushahidi, nikavuta kwa nguvu zote. Kikaja kitu kigumu, nikakimeza.

"Mzee, jamani!" Mwalimu akashika kichwa. "Huu ni mfano wa mkia wa bakteria. Beringi ndiyo shina lake. Protini zinapita humo ndani ya mkia, zikifika nchani zinashikana, mkia unarefuka. Protini zetu ni maharage."

Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo sasa mkia utaota kwa mzee balozi?"