Mtoto wa Miaka Saba kwenye Mlango wa Purtur

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika uwanjani Uvira saa nne asubuhi, na mechi ilikuwa ya saa tisa na nusu. Nilidhani nimewahi mno. Shefu wa milango, mkubwa wetu, alikuwa amekwisha kufika, ameketi juu ya jiwe, anajifunga kitambaa kwenye goti lake bovu. Zamani alikuwa beki, na goti hilo ndilo lililomtoa mchezoni. Aliniuliza kama ninajua kusoma, kama ninaogopa walevi, na kama nina watoto. Nikajibu ndiyo, hapana, wawili.

"Basi weye utasimama purtur," akasema, "upande wa bamama na batoto."

Purtur ni sehemu ya wasio na kiti: tuta la udongo linalozunguka kiwanja, watu wanasimama juu yake tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Tribini ndiyo yenye bati na mbao za kukalia. Kazi ya kontrolere ilikuwa kukata tikiti, kipande kimoja kikabaki kwako na kingine akaenda nacho mwenye tikiti, na kumpapasa kila anayeingia asije akapita na chupa au kisu. Ninyi mnaoandikwa leo mnapewa vesti ya rangi kali. Sisi tulifunga kitambaa chekundu mkononi, tukatosheka.

Jambo ambalo Shefu alilirudia kuliko yote lilikuwa la watoto. Hatukuwa na sheria ya umri. Baba angeweza kuja hata na mtoto anayenyonya, na wako waliokuja. Shefu alijitungia kipimo chake. Hakuuliza miaka, kwa sababu, alisema, baba aliyekwisha kufika mlangoni atamwongezea mtoto wake miaka miwili. Aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamuuliza mwenyewe: unaitwa nani, baba yako anaitwa nani, munakaa avenyu gani. Kisha akamuuliza kama anataka kuingia. Aliyejibu kwa sauti yake aliingia. Aliyejificha nyuma ya suruali ya baba yake alirudishwa.

"Mutoto anayejua kwao ni wapi, akipotea tutamurudisha," aliniambia. "Asiyejua, akipotea anakuwa wa kila muntu. Ni kusema hana muntu."

Baada ya misimu miwili nilitumwa Bwegera kwenye michuano ya vijana wa bonde la Ruzizi. Kule hakukuwa na ukuta wala mlango. Tulifunga kamba kwenye miti, wakulima wa mpunga wakaja na matope miguuni na kusimama nyuma yake kwa heshima kuliko watu wa mjini. Bosi wangu huko alikuwa Komisere wa mechi, yule anayeandika ripoti ya kila kilichotokea, mwalimu mstaafu mkali, mwenye maneno machache. Yeye ndiye aliyenifundisha kuusoma umati. Kelele si kitu, alisema, watu wamekuja kupiga kelele. Ogopa wakinyamaza wote pamoja.

Niliporudi Uvira nilikabidhiwa ufunguo wa mlango mdogo. Ulikuwa mlango wa chuma upande wa ziwa, unafunguka kwa nje, nao ulifungwa ili wasio na tikiti wasipenye. Kila mechi, dakika ya themanini, kontrolere aliufungua, watu wa purtur wakatokea hapo bila kusukumana na wale wa mlango mkubwa. Na kama kungetokea hatari yoyote kabla ya dakika hiyo, amri ya Shefu ilikuwa moja. "Kwanza mulango. Kuangalia ni nyuma yake." Nifungue kwanza, nitazame baadaye: nilimwitikia kila Jumapili kwa miaka mingi.

Sasa niseme habari ya mechi moja. Ilikuwa timu mbili za mjini, na purtur ilijaa mapema. Mtoto mmoja wa kiume alifika ameshikana mkono na baba yake, amevaa viatu vya shule vilivyopakwa rangi. Niliinama nikamuuliza maswali yote. Akaniambia anaitwa Byamungu, akataja jina la baba yake na avenyu yao kule Kalundu, kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ana miaka saba na kwamba hii ni mechi yake ya kwanza. Nilicheka. Nilimkatia tikiti mwenyewe, nikamrudishia kipande chake mkononi.

Muda mfupi baadaye akaja kaka yangu Kashindi na binti yake Furaha mabegani. Furaha alikuwa na miaka mitatu na nusu. Nilimuuliza jina, akaficha uso kwenye nywele za baba yake.

"Kaka, umurudishe mutoto," nikamwambia.

"Weye ndiye shangazi yake," akasema Kashindi. "Utatufukuza mbele ya bantu?"

Nyuma yao foleni ilikuwa inanung'unika. Nikawapisha.

Kipindi cha pili mawingu yaliteremka kutoka milimani. Tunajua mvua za kwetu, hazibishi hodi. Hata hivyo hakuna aliyeondoka, maana timu zilikuwa sare. Radi ikapiga nguzo ya umeme nje ya ukuta kwa mshindo mmoja mkavu. Umati ukanyamaza wote pamoja. Halafu mtu akasema, wala hakupaza sauti sana, "Risasi." Kwa watu wa mji wetu neno hilo halihitaji kurudiwa; tuta zima likaanza kushuka mbio.

Nilikuwa nimekwisha kuhamia mlango mdogo, mgongo wangu umegusa chuma, ufunguo mfukoni. Ningegeuka tu. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya tuta, nikaona mabega ya Kashindi hayana mtoto. Nikakimbia kumtafuta Furaha.

Nilimkuta ameketi chini kwenye nguzo ya kona, analia, hana hata mkwaruzo. Sikukawia zaidi ya mtu anayesali Baba Yetu. Nilipogeuka naye kifuani, kati yangu na mlango kulikuwa na ukuta wa migongo, na wa mbele walikuwa wanapiga chuma kwa viganja. Nikatoa ufunguo, nikaupitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Nauona hata leo unavyokwenda, unasimama, unakwenda. Kijana mmoja akaufikisha kwenye kufuli, mlango ukafunguka, watu wakamwagika nje kwenye mvua.

Walipokwisha kutoka, Byamungu alibaki chini kwenye kizingiti. Baba yake alikuwa amemlalia, mkono wake mmoja umevunjika, akijaribu kumkinga. Nilipiga magoti. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Jioni ile Kashindi alinishika mikono yote miwili. "Umetuokolea mutoto," akasema. Sikuweza kumtazama.

Siku iliyofuata Sekretere wetu, aliyesimamia makaratasi yote, aliniita ofisini. Shefu alikuwa ameketi pembeni na goti lake limenyooshwa.

"Mlango mdogo ulifunguliwa wakati gani?" akauliza Sekretere.

"Niliposikia mshindo tu," nikajibu.

Shefu aliinua macho akanitazama, akayashusha tena. Sekretere akaandika. "Basi sababu ya kifo ni mvua," akasema. Toka siku ile Shefu hakunitajia amri ile tena, akafa bila kuniuliza.

Niliendelea na kazi. Nilikuwa mkali, na watoto niliowarudisha tangu hapo hawana idadi: wa miaka minne, wa sita, hata wa kumi waliotaja avenyu zao vizuri kabisa. Wakanibandika jina la Mama Hapana. Baba mmoja aliniambia kwamba sipendi watoto. Wengi waliniuliza kwa upole, basi mtoto aje na miaka mingapi, nami nikawapa kila mmoja namba tofauti, kutegemea jinsi nilivyolala.

Nilipostaafu walinipa kitenge na karatasi yenye muhuri, imeandikwa kwamba nimetumika bila kosa. Sekretere mwingine, kijana, ndiye aliyeisoma, watu wakapiga makofi. Sikulala siku tatu. Siku ya nne nikashuka Kalundu.

Mama Byamungu nilimkuta anageuza ndagala, wale samaki wadogo wetu, kwenye wavu wa kuanikia. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Alinipa kigoda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: ufunguo mfukoni, mtoto wa kaka yangu, uongo wangu ofisini. Aliendelea kugeuza samaki mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Shefu wenu alikuja hapa juma lile lile, anachechemea, akaniambia. Nikasema nitangoja mwenyewe aje."

"Umengoja miaka yote hii?"

"Ningefanya nini?"

Nikamwomba msamaha. Alitoa samaki waliovunjika, akawaweka kando.

"Baba yake hakutaka kumupeleka," akasema mwishowe. "Alisema mutoto iko mudogo bado. Ni minye nilisema ana miaka saba, amekuwa mukubwa. Ni minye nilipaka viatu rangi." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Weye umekuja kuomba kwangu. Minye nitaenda kwa nani?"

Niliketi kwenye kile kigoda, nikaanza kumsaidia kugeuza samaki, naye hakunikataza. Tangu hapo ninashuka Kalundu kila Jumapili, saa za mpira. Msamaha hajautamka, nami sijamuuliza tena.