Oili Tuliyoisoma Kiganjani

Nimezaliwa kwenye ng'ombe, upande wa Isingiro, nikaolewa kwenye migomba na kahawa, huku Nyakasimbi. Majina ya ng'ombe wa baba yangu ninayo yote mpaka leo, na ya majirani, na ya watoto wao, walio hai na waliotangulia. Ya watu sitayataja hapa, maana sikuwaomba ruhusa. Shule niliishia darasa la pili. Herufi nazijua mojamoja, kama mtu anayezijua sura za wageni lakini hajui wametoka ukoo gani.

Mume wangu alikuwa na pikipiki. Oili aliimwaga mwenyewe, uani karibu na mparachichi, beseni kuukuu chini ya injini, na spana zake kapanga juu ya gunia. Ile oili chafu tulipaka nguzo za banda, mchwa wasizile. Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Giza lilianzia pembeni, likaja taratibu mpaka katikati. Daktari alisema yaliyokwenda hayarudi. Pikipiki ikawa ya binti yetu wa mwisho, mwalimu, tunayeishi naye, anaendea shuleni.

Asubuhi moja binti akasema, kwa nia njema kabisa, "Baba, oili imefikia wakati wake. Usihangaike, nitampelekea fundi. Na zile spana zako, si tumpe tu na yeye afanyie kazi?"

Mchana mzee alikula vipande viwili vya ndizi akasukuma sahani. Kesho yake hivyo hivyo. Alikaa kwenye kigoda, mikono kailaza mapajani kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie. Mimi nimelala naye kitanda kimoja tangu nikiwa msichana. Nilijua hakuwa analilia oili. Alikuwa anaona nyumba inamtoa kazini.

Nikamwita kwa heshima ya kwetu, "Waitu, wewe una mikono, mimi nina macho. Nitanunua oili mpya, ya zamani utaimwaga mwenyewe."

Akageuza uso. "Kopo utalisoma wewe?"

"Nitalisoma."

Nilidanganya. Nikafunga kitenge, nikashika njia ya madukani.

Kwenye duka la spea mwenye duka hakuwepo. Jirani yake, mama muuza vitenge, ndiye alikuwa anamwangalizia. "Bibi, mimi huku naona weusi tu," akasema. "Chagua mwenyewe."

Basi nikachagua kwa njia niliyofundishwa na mama yangu. Kwetu samli hainunuliwi kwa maneno. Unatingisha chombo: ikicheza kama maji, imechakachuliwa. Unachukua kidogo, unasugua kwa vidole: ikishika, ni safi. Nikatingisha kopo moja zuri la rangi ya dhahabu. Likalia chubwi chubwi. Nikalirudisha, nikasema moyoni, hawa ni wezi. Kando palikuwa na dumu la kupima, lenye kijiti. Nikakiinua kijiti. Mafuta yakaning'inia, mazito, hayataki kuachia. Nikasugua kwa vidole. Yakashika! Nikajaziwa chupa, nikarudi nyumbani nimenyoosha shingo.

Mzee alifungua kizibo, akainusa mara moja tu.

"Mama."

"Naam."

"Hii ni ya gia. Ya magari makubwa. Inanuka kiberiti." Mabega yakaanza kumcheza. "Uliipima kama samli?"

"Niliipima kama samli. Kopo la dhahabu lilicheza kama maji, nikaona ni la wezi."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mvua za mwanzo. Mimi nikakaa chini kwenye nyasi nikalia, maana niliona nimemwaibisha. Alipoacha kucheka akapapasa mpaka akanipata bega. "Usilie. Ungeimimina ndiyo ungelia. Twende wote."

Kesho yake tukaenda, mkono wake begani kwangu, tunateremka polepole. Safari hii mwenye duka alikuwepo, dada mmoja mchangamfu. "Shikamooni," akasema. "Bibi, nimeambiwa jana ulikuja kununua samli!"

"Marahaba. Na leo nimekuja na mwonjaji," nikamjibu, na niliowakuta pale wakacheka.

Mzee akaweka kiganja chake mezani, kimefunguliwa. "Usinisomee," akaninong'oneza. "Nichoree unavyoona."

Nikachukua lile kopo la dhahabu, nikachora kwa kidole katikati ya kiganja chake kigumu. Tano. Halafu mlima uliopinduliwa, wenye vilele viwili.

"Hiyo W. Ya baridi. Namba ya kabla yake ni ya asubuhi injini inapoamka, ya baada yake ni ya injini ikishachemka. Endelea."

Thelathini. Halafu neno refu linaloanza na nyoka. Nilichora herufi tatu tu za mwanzo.

"Sinthetiki," akasema. "Sio ya wezi, mama. Ile ya kawaida wanaitoa ardhini wanaisafisha, basi, kama kahawa iliyopepetwa tu. Hii wameitengeneza kiwandani mpaka chembe zake zikalingana, kama kahawa iliyochambuliwa punje kwa punje. Ni nyepesi, inavumilia joto, haichoki haraka. Wepesi wake si maji. Tafuta nyuma, pembeni, kama kuna M na A."

Nikatafuta. Hakuna.

"Basi hiyo ni ya gari. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya injini. Ukiiwekea isiyo yake inateleza, unapandisha mlima injini inalia huku husogei."

Dada akashusha lingine, la bluu. Nikachora: mbili, sufuri, mlima uliopinduliwa, tano, sufuri. Nikageuza, nikatafuta mpaka macho yakaniuma. M. A. Nikazichora taratibu, na vidole vyake vikajifunga juu ya kidole changu.

"Ndiyo hii," akasema. "Ya kawaida. Hata ya sinthetiki yenye alama hiyo ingefaa, lakini injini yetu ni mzee mwenzangu, na oili naimwaga mapema."

Dada akauliza, "Babu, nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha kwa kuharibu," akajibu.

Jioni ile alimwaga oili. Nati aliipata kwa kupapasa, akaisikiliza oili ya zamani ikidondoka ndani ya beseni, akaisugua kwa vidole, akasema imechoka kweli. Akaweka mpya, mimi namwambia imefika wapi kwenye kioo cha kupimia, ubavuni mwa injini.

Binti aliporudi kutoka sokoni kwa miguu alitukuta tumekaa kwenye gunia, mikono myeusi. Akawasha, akaizungusha mpaka barabarani, akapandisha kilima cha kanisani, akarudi.

"Baba," akasema, "gia zinaingia laini."

"Hmm," akasema mzee, kama mtu asiyejali. Kisha akaomba chakula.

Binti akazifuta spana mojamoja kwa kitambaa, akazirudisha kwenye sanduku, akalisukuma mahali pake, chini ya kitanda, upande anaolala baba yake.