Mama Aliyejua Maradhi Yetu

Nilimkwepa Lavonne Kittelson miaka miwili kwa sababu ya bawasiri. Nasema wazi maana nimeshazeeka na aibu imenichoka. Mimi ndiye Merle wa posta hapa Skarland, Dakota ya Kaskazini, mji wa watu mia mbili na kumi. Lavonne alikaa nyumba ya mwisho kabla ya ghala la nafaka, peke yake tangu mumewe afariki, na kazi yake ilikuwa madai ya matibabu. Ukienda kliniki, daktari anaandika alichokukuta nacho. Maandishi yale yanamfikia Lavonne kwenye kompyuta iliyo mezani jikoni kwake, anayageuza kuwa namba, kila ugonjwa na namba yake, anaipelekea kampuni ya bima. Bima ikikataa, anaipigia simu na kubishana nayo. Zamani kila kliniki ilikuwa na mtu wake wa kazi hiyo, siku hizi kliniki ndogo za kwetu zinampa mtu wa nje. Lavonne alikuwa nazo nne, na ya Ramsdell, tunakotibiwa sote, ndiyo iliyokuwa kubwa.

Kwa hiyo alijua. Alijua nani ana kisukari na bado ananunua keki, alijua binti wa nani alipelekwa mjini na kwa nini, na ya kwangu aliyajua. Alikula kiapo cha siri na usingemtoa neno hata kwa koleo. Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata, lakini hawakutuambia hiyo kata inaishije na mitungi. Jumapili baada ya ibada, tukinywa kahawa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, Lavonne alikaa mwisho wa meza ndefu, na viti viwili vitupu kati yake na sisi. Akija dirishani kwangu posta nilijitia nahesabu stempu. Hakuna aliyemtukana. Tulimnyima maneno tu, na yeye naye akaacha kutuuliza hali, maana swali hilo likitoka kwake lilikuwa zito.

Asiyejali alikuwa mmoja, Ardis Brekke, mke wa mfugaji wa ng'ombe, maili kumi na mbili nje ya mji. Kila Alhamisi mchana Ardis aliendesha pikapu yake mpaka kwa Lavonne, wakacheza karata hadi saa kumi. Alikuwa na mdomo huyo.

"Mwenzangu, usinitazame goti hivyo," alikuwa akimwambia. "Kama limeoza sema, nilikate mwenyewe."

Lavonne alicheka mpaka akavua miwani. Huyo ndiye rafiki aliyekuwa naye duniani, na hakuwa na mwingine wa akiba.

Jumatatu moja ya Machi, mwaka ambao theluji ilikataa kuondoka, maandishi ya Ramsdell yalimletea jina la Ardis. Namba ya ugonjwa ule Lavonne hakuhitaji kuitafuta kitabuni. Ilikuwa saratani, tena imeshatembea mwilini. Alhamisi Ardis akaja kama kawaida, akacheza, akatania, akala vipande vitatu vya mkate wa viazi na siagi, ya ugonjwa hakuyataja.

"Umepoa leo," Ardis alimwambia.

"Baridi tu," Lavonne akajibu.

Alimsubiri aseme. Sheria ilimfunga mdomo, na hata isingemfunga, asingejua aanzie wapi. Jumanne iliyofuata bima ikakataa kipimo kikubwa ambacho daktari wa Ardis alikitaka. Lavonne alikaa kwenye simu muda wa saa tatu, akisikilizishwa wimbo uleule, akirushwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka mwanamke mmoja wa mbali akasoma karatasi vizuri na kukubali. Akaweka simu chini. Alikuwa ameshinda, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Akainuka akaanza kupika.

Kwetu kuna chakula tunakiita chakula cha moto. Ni nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu nzito ya uyoga ya kopo, na vipande vidogo vya viazi juu, kinaokwa kwenye bakuli la kioo. Kinapelekwa kwenye nyumba yenye msiba, au mgonjwa, au mtoto mchanga. Hakipelekwi hivi hivi, na mtoto wa miaka sita analijua hilo. Lakini Lavonne alikuwa amewapikia watu miaka arobaini, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Bakuli likiwa kwenye kiti cha pembeni cha gari, njia nzima hadi kwa akina Brekke, hakuwa bado amejua anafanya nini.

Orrin, mume wa Ardis, ndiye aliyefungua mlango. Ulikuwa msimu wa ng'ombe kuzaa na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kafa nani?" akauliza kwa utani.

"Hakuna. Nimepika tu."

"Umepika tu." Orrin alilitazama bakuli, kisha akamtazama yeye. Utani ukamtoka usoni. "Lavonne, huku hakuna mtu anayepika hiki hivi hivi. Nani mgonjwa?"

Lavonne akamsukumia bakuli mikononi, macho chini, na hilo likasema yote. Orrin akaelekea zizini aliko mkewe, bakuli mkononi.

Maji yakimwagika hayazoleki. Ardis angeweza kumshtaki, na kliniki zote nne zingemfukuza siku hiyohiyo. Lavonne hata hilo hakuliwaza sana. Aliwaza Alhamisi, kama kutakuwa na Alhamisi tena.

Ardis alikuja Jumatano asubuhi. Hakukaa.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Na Alhamisi ukanigawia karata."

"Ningesema nini, Ardis? Nimekula kiapo. Nilikuwa nakusubiri."

"Ulikuwa unanisubiri." Ardis alizungumza polepole, na Lavonne anasema angependa zaidi kama angepiga kelele. "Mimi nilikuwa najipanga. Hayo maneno nimeyasema peke yangu kwenye gari sijui mara ngapi. Ndama wakiisha, nilikuwa naja hapa, nakaa kwenye kiti kile, nakwambia wewe kwanza. Wewe, si Orrin. Orrin atalia, itabidi mimi ndiye nimbembeleze. Nilitaka mtu mmoja niwe nimemwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Ukalisoma kwenye mashine yako, halafu ukaenda kumwambia mume wangu kwa viazi."

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Sasa hata nikikohoa utajua kabla yangu. Kuna haja gani mimi kuja?"

Hakumshtaki. Hakumwambia mtu yeyote. Aliacha kuja, basi. Habari za ugonjwa zilipoenea mjini, vyakula vya moto vikamiminika kwa akina Brekke mpaka jokofu likajaa, nami nilipeleka cha mke wangu. Cha Lavonne hakikuwepo, na sisi wenye akili finyu tukasema, unaona, yule mama hana utu hata kwa rafiki yake.

Na bado alikuwa akimwona. Kila Jumatatu ya tatu, Ardis alipotoka kuwekewa dawa, maandishi yake yalifika jikoni kwa Lavonne. Alijua amepungua kilo ngapi. Alijua wiki ambayo hakuweza kumeza kitu, na alijua kuwa Julai alipata nafuu. Aliniambia kuwa siku hizo alikuwa akiamka mapema, anapika kahawa, anafungua kompyuta na moyo unamdunda, mpaka siku moja akajishika akitabasamu kabla hata jina halijatokea. Akaona aibu. Akaona kwamba anamchungulia mwanamke mgonjwa dirishani na kujiita rafiki.

Akapiga simu Ramsdell, akamwomba msimamizi wa kliniki jalada la Brekke lipewe mtu mwingine.

"Siwezi kukukatia jalada moja, mama," msimamizi alimwambia. "Au ushike kliniki yote, au uiache yote. Kuna nini?"

"Basi naiacha yote."

Msimamizi alidhani amesikia vibaya. Ramsdell ilikuwa zaidi ya nusu ya riziki yake. Septemba Lavonne akaanza kuosha vyombo jikoni mwa shule, umri miaka sitini na nne, na hakueleza sababu kwa mtu. Wakati huo nilidhani kafukuzwa. Nilifurahi kidogo pia, naomba nisamehewe, kwamba bawasiri yangu sasa itasomwa na mtu asiyenijua.

Novemba, Ardis aliingia posta kuchukua barua zake, kilemba cha sufu kichwani. Akaigeuza bahasha ya kliniki mara mbili.

"Merle, ankara hii imetoka Minneapolis. Kwa nini haijatoka kwa Lavonne, kama siku zote?"

"Lavonne aliacha Ramsdell tangu Agosti. Hukusikia?"

"Kafukuzwa?"

"Msimamizi anasema kaacha mwenyewe. Alitaka jalada moja tu limtoke, wakamkatalia, akaiacha kliniki yote."

Ardis alisimama pale dirishani kwangu mpaka mtu wa nyuma yake akakohoa. Halafu akaondoka, barua nyingine akazisahau.

Ya jikoni kwake yote, na haya yaliyofuata, nimeyapata kwa Lavonne, baada ya sisi kumzika Ardis, na alinieleza kwa kuwa Orrin mwenyewe alimruhusu.

Alhamisi hiyo pikapu ilisimama nje saa nane mchana. Ardis akaingia, akakaa bila kuvua koti, akamtazama Lavonne usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu.

"Jumatatu nilikwenda kwa daktari," akasema. "Unajua kaniambia nini?"

"Sijui."

"Hujui kitu?"

"Tangu Agosti sijui kitu, Ardis. Sijui hata kama unalala."

Ardis akaitikia kwa kichwa. Akavua koti.

"Dawa imegoma kufanya kazi. Wanasema nikiwaona ndama wa mwakani nishukuru. Orrin sijamwambia. Nimeanzia kwako."

Lavonne alikuwa amesoma miili ya watu miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Alifunika mdomo kwa mkono, akalia.

"Niulize," Ardis akamwambia. "Si hujui? Niulize basi."

Basi Lavonne akamuuliza panauma wapi, na Ardis akamshika mkono, akamwonyesha.