Nyota wa Kantri, Ghorofa ya Kumi na Moja

Juma lililopita nilirudi Malvern, mtaa niliokulia huku Kanada, kumhamisha mama yangu. Amenizungusha miaka mingi, mwishowe amekubali kuja kukaa nasi Mississauga. Nilifika kwenye lile jengo letu la zamani na maboksi matupu, tena na hasira, maana lifti ilikuwa imeharibika. Ndugu yangu, panda ngazi hadi ghorofa ya kumi na moja ukiwa na umri wangu, halafu uje uniambie habari za kumbukumbu tamu. Nilipofika juu nikihema, korido ilinuka mafuta ya kukaangia vilevile, na karibu na mlango wetu kilikuwepo bado kile kidirisha cha chuma cha kutupia taka, zishuke kwa bomba hadi chini ya jengo. Nikasimama nikikitazama. Mama akafungua, akauliza mbona nimesimama nje kama mgeni.

Tulikuja Kanada wawili tu, mama na mimi, nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alipata kazi ya kuwaosha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na mimi nikapata baridi. Dirisha letu halikufunguka zaidi ya upana wa kiganja, eti kwa usalama wa watoto, na hita ilinguruma chini yake kutwa kucha. Theluji ikiziba barabara, na mama akiwa hana zamu, tulikaa mle ndani tukinywa chai ya maziwa na kuwasikiliza watu wa juu wakiburuta viti. Ungetoka uende wapi?

Siku kama hizo ndizo mama alizovuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

Mama yangu alikuwa nyota wa muziki wa kantri. Usicheke. Asiyeijua Kenya hudhani kantri ni ya Wazungu wenye farasi, lakini kwetu Nakuru watu walivaa kofia za kauboi siku ya Jumamosi, wakajaa hotelini kula nyama choma, na aliyewaliza machozi alikuwa yeye. Sanduku lilikuwa na ushahidi wote. Juu kabisa kofia nyeupe, ambayo ilikuwa marufuku kuishika utosini. Ulishika ukingo, tena kwa mikono miwili. Ndani ilikuwa na alama ya jasho, na mama alisema lile ni la siku ya kwanza jukwaani, alipotetemeka hadi mpiga ngoma akampisha kiti chake. Kisha buti za kahawia. Ya kushoto ilikuwa na kisigino cha mpira wa tairi, kwa sababu kile cha asili kiling'oka kwenye maonyesho ya kilimo, naye akamaliza wimbo amesimama kwa mguu mmoja. Koti la ngozi lenye tamvua mikononi lilikuwa la miaka ile ambayo hakuweza kununua nyanya sokoni bila kusimamishwa. Bango la hoteli lilikunjwa mara nne, na picha yake ni mama akicheka na gitaa begani. Gitaa lenyewe alimwachia mpiga ngoma. Na chini kabisa, kanda moja ya sauti, aliyorekodi na bendi yake kabla haijavunjika.

Hiyo kanda hatukuwahi kuisikiliza, maana hatukuwa na redio ya kuichezea. Mama alisema tutaipata tu, nisiwe na haraka. Mimi niliiweka sikioni kama mjinga. Nilitaka kumsikia mama akiimba kuliko nilivyotaka kitu chochote, na nikimwomba aimbe mwenyewe alisema kuta za jengo hili ni karatasi tupu.

Kuta zilikuwa kisingizio. Alichoogopa ni ushirika. Zilikuwa familia za kwetu zilizookoka, zikikutana kila Jumapili alasiri, leo nyumba hii, wiki ijayo nyumba ile. Ndio waliotupokea, ndio walionivika koti la kwanza la maana. Lakini walikuwa na msimamo wao: muziki wa dunia ni uchafu, na mwanamke wa kuimba mahali penye pombe, ndiyo usiseme. Basi mama akawaambia kwamba Nakuru alikuwa mpishi wa hoteli. Uongo huo ulimtesa. Kila mkutano ni yeye, dada mpishi tupikie pilau, na mama yangu pilau haijui kabisa. Ilitoka chini imeungua na juu mbichi, nao wakala wakisema mapishi ya hoteli huwa tofauti.

Nilikuwa na miaka tisa zamu ya kukaribisha ushirika ilipofika kwetu. Desturi ilikuwa watoto waseme aya, wakubwa watoe ushuhuda. Jikoni nilikuwa nimewasikia wanawake wawili wakiicheka pilau ya mama, wakisema hata hiyo hoteli ilifungwa kwa sababu yake. Nilichemka. Kiongozi wa ushirika, mama mnene mwenye sauti laini, aliponiita, aya niliyoikariri wiki nzima ikapotea. Nikaona heri nitoe ushuhuda. Kwa akili zangu, ushuhuda ulikuwa ni kusema jambo kubwa watu waseme amina. Nikakimbilia chumbani, nikarudi na kofia kichwani, nikiburuta buti, nikawaambia nusu Kiswahili nusu Kiingereza kwamba mama si mpishi, mama ni nyota, ana mpaka kanda, na hotelini Nakuru watu walikuwa wakimlilia.

Nikangoja amina. Haikuja.

Ningependa kukuambia walimfokea, ningewachukia kwa urahisi. Hakuna aliyepaza sauti. Kiongozi alinivua kofia taratibu, akamshika mama mikono.

"Dada, ukiiacha njia unaacha na vitu vyake. Sisi tuko nawe."

Wengine kabla yake walishaacha hirizi, wengine chupa. Tukatoka wote kwenye korido, wakiimba pambio, mama mbele na sanduku. Buti zilipita kwenye kile kidirisha, nikazisikia zikigonga chuma mpaka chini kabisa. Koti likafuata, halafu bango, halafu kanda. Kofia ikakataa kupita. Mama akaitazama kidogo, akaibonyeza utosini kwa ngumi, akaikunja, akaisukuma. Mimi nililia kwa kwikwi, na wakaniwekea mikono kichwani, wakidhani nimeguswa na Roho.

Kuanzia siku ile mama hakutaja tena Nakuru. Kwenye ushirika midomo yake ilicheza na pambio, lakini mimi niliyesimama ubavuni pake nilijua hatoi sauti. Nilipita mbele ya kidirisha kile asubuhi na jioni hadi nilipomaliza shule, na kila siku nilitamani kuhama. Hatukuwa na pa kuhamia, wala watu wengine wa kutupokea.

Juma lililopita, tukifunga vyombo, nikamwambia nilichokibana kifuani miaka yote hiyo: kwamba ni mimi niliyemponza, na kwamba naomba radhi. Kisha hasira ikanipanda, nikamuuliza mbona hakukataa. Angewafukuza tu.

"Ningewafukuza, halafu ukashikwa na surua, nani angekaa na wewe niende kazini?"

Alisema hivyo bila uchungu, akikung'uta sufuria. Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimebeba hatia ya kumfichua, kumbe yeye alishapima, akaona bora mimi niwe na watu. Na watu wenyewe wako wapi leo? Kiongozi alirudi Kenya akafia huko. Wale wa jikoni wamehamia Alberta. Ushirika ulisambaratika zamani, na sijui hata mmoja wao ambaye anakumbuka alasiri ile. Redio za kanda zimekwisha, bendi imekwisha, na sauti ya mama yangu akiwa kijana hakuna mahali duniani ninapoweza kuisikia. Inaniuma, sitakuficha.

Nikamwomba aimbe, mstari mmoja tu. Nikamwambia hakuna tena wa kumkemea. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Nimezoea kunyamaza, mwanangu," akasema. "Nipe hilo gazeti nifungie vikombe."

Nikampa.