Mwalimu Dorkasi: Simu inafundisha kwa sauti yangu, mimi sina darasa

Saa mbili asubuhi, Alhamisi ya gulio mjini Lushoto. Ukungu haujaondoka, na Mwalimu Dorkasi Shehoza, 54, anasimama kati ya mafungu ya karoti na kabichi akimsubiri mwanafunzi wake. Wamebaki wawili tu, na mmoja ametuma ujumbe kwamba leo atasomea chumbani.

Anayekuja ni Jonas, kijana wa Kijerumani. Anainama mbele ya Bi Mwanaheri, muuza karoti, anabonyeza simu, nayo inasema: "Shikamoo, bibi. Naomba karoti kilo moja."

Bi Mwanaheri anashtuka. Sauti ile anaijua. Anamwacha kijana amesimama, anamgeukia Dorkasi na kuitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha anaangua kicheko. "Haki ya Mungu! Dorkasi, umeingia humo lini?"

Wauzaji wote wanacheka. Dorkasi anacheka nao, lakini baadaye anakiri kwamba alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kwa miaka 22 amefundisha wageni Kiswahili katika kituo kidogo cha lugha nje kidogo ya mji. Wiki ya kwanza wageni walimenya viazi jikoni kwake. Ya pili aliwaleta gulioni bila daftari wala kalamu. Aliyesahau kusalimia hakuuziwa kitu. Wauzaji walishaelewana na mwalimu.

"Mtu akichekwa hapa kwa kumpita mzee bila shikamoo, hasahau maisha yake yote," anasema. "Wengine walilia, sikufichi. Lakini waliondoka wanaongea."

Siku hizi kituo kinafuata elimu nyingine. Mkuu wake, Alen, anasema wataalamu wa ujifunzaji wamegundua kwamba aibu humfunga mwanafunzi mdomo. Neno jipya lije kidogo kidogo, lirudiwe kila linapokaribia kusahaulika, na simu ndiyo inayojua wakati wa kulirudisha. "Simu haichoki, na haimcheki mtu," anasema.

Dorkasi habishi. Amewaona wageni wakishuka kwenye basi wakiwa na maneno mia nane kichwani. "Kazi yangu ya wiki sita wanaimaliza kabla hawajapanda ndege. Nitasema uongo wa nini?"

Kinachomuuma ni sauti. Miaka miwili iliyopita Alen, kijana wa Lukozi ambaye humwita mama, alifika nyumbani kwake na kilo mbili za sukari. Akaamkia, akaulizia maharage shambani, akala ugali. Ndipo akaomba amrekodi masomo ya kuwasaidia wanafunzi wanaougua. Kwa siku 41 Dorkasi alikaa katika chumba kilichozibwa kwa mablanketi, akisoma sentensi moja baada ya nyingine. Mwisho akatia saini karatasi ambayo hakuisoma.

"Mtoto kaniita mama, kala chakula changu, nimwambie subiri kwanza nisome? Huku kwetu hilo ni tusi," anasema. "Basi, nikajichimbia kaburi kwa mkono wangu."

Alen anasema karatasi ilieleza kila kitu, hata kwamba sauti hiyo ingefundisha kwenye simu. Anaongeza kwamba yeye bado anamheshimu mama yake huyo, ila mambo yamebadilika.

Zamani Dorkasi alipokea wanafunzi kumi na wanne kila muhula. Mwisho wa mwezi huu darasa lake linafungwa. Ameomba sauti yake iondolewe kwenye simu, akajibiwa kwamba haiwezekani, wageni wameipenda mno.

"Ningeshindana na mwalimu mwingine, sawa," anasema. "Huyu ni mimi, tena hazeeki. Nitamshinda kwa lipi?" Hapo anafuta macho kwa ncha ya kanga, wala hajifichi.

Kituo kimempa kazi nyingine: kuwapikia chai ya saa nne wageni wanaosoma na simu zao, kwa theluthi ya mshahara wake. Mumewe, Silvano, amesema huko ni kudhalilishwa mchana kweupe. Dorkasi ameshakubali.

Mpango wake anausimulia polepole, kama anayeona haya. Hatapeleka vikombe darasani. Atakaa na birika jikoni, mlango wazi, na simu haitaruhusiwa kuvuka kizingiti. Anayetaka chai atakuja kuiomba kwa kinywa chake mwenyewe.

Na wasipokuja?

"Itapoa," anasema. "Nitaimwaga."